Pampu haizimi tanki likijaa, naomba mniangalizie hii laibrari yangu ya rejista

Kijana_Mikindani
Wakuu za jioni, naomba msaada maana hapa nyumbani nimeshaambiwa nisiguse tena pampu. Nimetengeneza kidude cha kujaza simtanki la lita 2000 kutoka kisimani, boya likifika juu linaita intarapti (ishara inayoisimamisha programu kidogo ifanye kazi ya haraka), intarapti inakata rilei (swichi ya pampu) iliyoko pini PB12 basi. Mwanzo ilikuwa Arduino Uno na sikuwahi kupata shida, nikahamia STM32F103 ile bodi ndogo ya bluu sababu nataka kuongeza vitu na zile KB 32 za Uno zilishabana. HAL (laibrari iliyo tayari ya watengeneza chipu) sikuitaka, nikaandika laibrari yangu mwenyewe, anwani za rejista (sehemu za chipu zinazoendesha pini) nimezichomoa moja moja kwenye RM0008, kitabu cha hiyo chipu. Kuna makro (vifupisho vya kodi) mbili, zote zinaandika kwenye ODR, rejista inayoshika 1 au 0 ya kila pini ya poti: WASHA ndani yake ni GPIOB->ODR |= biti na ZIMA ni GPIOB->ODR &= ~biti. Taa nne za kuonyesha kiwango cha maji ziko poti B hiyo hiyo, luupu kuu inazichezesha muda wote.

Inapiga kazi siku nne tano safi kabisa halafu siku moja tanki linajaa na pampu inaendelea tu. Juzi usiku maji yamemwagika hadi alfajiri, yamepita uani yakaingia kwenye korosho za mama alizoanika kwenye turubai, na LUKU imekata. Boya nimelipima na mita liko sawa. Niitupe hii laibrari nihamie HAL au?

mwana_chikongola
volatile umeweka? kompaila (programu inayogeuza kodi kuwa amri za chipu) inapenda kuruka vitu

Kijana_Mikindani
Nimeweka mkuu, rejista zote.

DadaSolda_Lindi
Mdogo wangu volatile haihusiki hapa, inazuia kompaila isiruke kusoma na kuandika, haizuii intarapti kuingia katikati. Angalia ODR |= inavyokuwa kwenye Cortex-M3, prosesa ya hiyo chipu yako: inasoma ODR yote, inabadili biti, inairudisha yote. Hatua tatu. Sasa luupu yako imesoma ODR ili iwashe taa, wakati huo PB12 bado ni 1, hapo hapo boya linaita, intarapti inaifanya 0 na inatoka, luupu inarudi na ile nakala ya zamani mkononi inaandika 1 tena. Pampu imewaka upya na boya haliiti mara ya pili maana lilishapanda.

Kwenye Uno ulisalimika sababu PORTB |= ya biti moja isiyobadilika kompaila huigeuza kuwa sbi, amri moja tu, intarapti haina pa kuingilia. Kodi ni ile ile, chipu ndiyo tofauti.

Dawa ni rejista nyingine, BSRR, anwani 0x40010C10 kwa poti B. Biti 16 za chini zinawasha, 16 za juu zinazima, ukiandika 0 haigusi kitu, kwa hiyo husomi chochote kwanza. WASHA iwe GPIOB->BSRR = biti, ZIMA iwe GPIOB->BSRR = biti << 16. Laibrari usiitupe, imekufundisha vitu ambavyo HAL ingekuficha, ila anwani chukua kwenye heda za CMSIS (faili zenye anwani zilizoandikwa tayari), ukikosea namba moja kwa mkono utatafuta wiki nzima.

fundi_umeme_ligula
Mimi kodi sijui ila pampu ya watu haiachiwi kompyuta peke yake. Boya la pili lipitishe kwenye koili ya kontakta (swichi kubwa ya umeme wa pampu), likipanda linakata umeme lenyewe hata hiyo bodi ikiganda. Pole sana kwa korosho za mama.

DadaSolda_Lindi
Fundi yuko sahihi kabisa. Na kwenye luupu soma boya kwa IDR (rejista ya kusoma hali ya pini) kila mzunguko, usitegemee intarapti iliyoita mara moja.

Kijana_Mikindani
Dada shikamoo, asante sana. Nimeitoa pampu nikaweka taima iite intarapti mara 1000 kwa sekunde ikizima PB12, luupu ihesabu ni mara ngapi imeikuta bado inawaka. Kwa makro za zamani hesabu ilipanda nikiwa naiangalia, kwa BSRR nimeiacha usiku kucha ni 0. Kumbe kila siku nilikuwa nabahatisha. IDR nimeongeza pia. Jumamosi navuta waya wa boya la pili hadi kwenye kontakta, mama kasema atasimama pale aone likikata kwa macho yake ndipo niruhusiwe kurudisha bodi.