Nimeuziwa alumini ya 7075 "isiyonesa" kwa fremu ya CNC ya kuchongea chuma

Wanajamvi, nimeuziwa vibao vya alumini ya 7075, kwa bei ya juu kuliko 6061 (zote ni namba za aina za alumini), ili niunde nyumbani fremu ya mashine ya CNC, yaani ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, na maneno ya muuzaji yalikuwa haya: "Hii ni ya ndege, hainesi." Tangu siku ya kwanza nilimweleza kwamba nitachonga chuma, si mbao.

Kinachoniudhi ni kwamba mtu anayejiita mtaalamu anachanganya nguvu na ukakamavu. Ni kweli 7075 huhimili mzigo mkubwa zaidi kabla ya kupinda na kubaki imepinda, lakini fremu ya kuchongea haifiki huko kamwe. Swali lake ni inanesa kiasi gani kisu kinapouma chuma, na hapo aina zote za alumini zinakaribiana, yaani gigapaskali (kipimo cha ukakamavu) 70 hivi, ilhali chuma cha kawaida kabisa, hata hiki cha kuchomelea mageti, kina kama 200. Kwa vipimo vilevile na mzigo uleule, boriti ya alumini hunesa karibu mara tatu ya ile ya chuma.

Fremu ilipokamilika nilifunga saa ya kupimia mezani, ncha ikagusa spindo (sehemu inayoshika na kuzungusha kisu), nikasukuma kwa kidole gumba tu. Mshale ukapita mistari kumi na miwili, yaani milimita 0.12, na nilipoachia ukarudi sifuri. Kisu kilipogusa chuma kililia hadi jirani akaja kuuliza kulikoni, na kipande kikatoka na mawimbi kama bati la paa.

Angeniambia ukweli, ningenunua pale Gerezani, Dar es Salaam, mabomba ya mraba ya chuma yenye upana wa milimita 100, au ningetafuta kitanda cha mashine kuukuu cha kasti (chuma cha kumiminwa kwenye kalibu), ambayo haina ukakamavu wa chuma cha kawaida lakini humeza mtikisiko vizuri zaidi. (Kuchomelea nako kuna balaa lake: chuma kikipoa huvuta na kupinda fremu, na tanuri la kuipasha fremu nzima hadi nyuzi 600 hivi ili itulie sijalipata, hivyo bolti ni salama zaidi.)

Nimedai anirudishie fedha. Amejibu kwamba nipunguze kina hadi milimita 0.1 kwa kila pito. Mfereji wa milimita 5 ni mapito hamsini, na vibao aliniuzia kwa kuniambia kwamba mashine ingemaliza kwa mapito matano.