Tupeane uzoefu: volkano ilipofunika shamba lako, msaada wa serikali ulikufikia vipi?

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, nauliza kwa ajili ya wakulima. Tarehe 22 Mei 2021 jioni volkano ya Nyiragongo, huku mashariki mwa Kongo, ilipasuka, moto wa lava (mawe yaliyoyeyuka) ukashuka hadi Buhene, ukasimama karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Goma. Watu zaidi ya 30 walifariki, nyumba zaidi ya 3,000 zikateketea. Habari za nyumba tumezisikia sana. Za mashamba hakuna anayezisema, na watu wengi wa kule juu wanaishi kwa maharage, mahindi na viazi. Wewe uliyepoteza shamba au mifugo: uliandikishwa wapi, ukapewa nini, kikafika lini? Aliyekosa naye aseme alikwamia wapi.

Mkulima wa Buhene
Shamba langu lilikuwa la kukodi, kila msimu namlipa mwenyewe. Maharage ya msimu B, ule wa pili wa kilimo katika mwaka, yalikuwa yameshaanza kukauka, tulikuwa tunajiandaa kung'oa. Moto ukapita juu yake usiku uleule. Kulipokucha palikuwa na jiwe jeusi linafuka moshi, hata mpaka na jirani hauonekani.

Walipokuja kuandikisha wakauliza: nyumba ilikuwa na vyumba vingapi, mabati mangapi, watu wangapi? Nikasema nyumba yangu imesimama, lililokwenda ni shamba. Kijana aliyeshika daftari akaniangalia kwa huruma kweli, akasema, "Papa, hapa hakuna mahali pa kuandika shamba." Akaniandika mhamaji wa kawaida, nikapata jetoni (kikaratasi cha kupokelea msaada) ya unga na mafuta, na turubai. Nashukuru, watoto walikula. Ila deni la mbegu lilibaki palepale, na mwenye ardhi naye hana ardhi tena.

Ninalotaka lisikike ni hili: aliyeangukiwa na majivu na aliyefunikwa na lava hawafanani. Wa majivu akipata mbegu na jembe anarudi kazini, pengine udongo utamzalia vizuri kuliko zamani. Sisi wa lava hatutalima pale tena maisha yetu yote. Ukitupa mbegu tutazipanda wapi? Tunahitaji ardhi, na kwenye ugawaji wote nilioushuhudia sikusikia mtu akiitaja.

Mama wa Kibati
Pole sana Papa. Kwangu lava haikufika. Nilikimbilia Sake na watoto ile tarehe 27 Mei, mitaa kumi ya Goma ilipoamriwa kuhamishwa na kila mtu akasema moto unaweza kutokea chini ya miguu yetu. Mbuzi niliwaacha wamefungwa. Niliporudi mwezi wa sita nilikuta kamba tu. Hilo hakuna aliyelihesabu kuwa hasara ya volkano, kwa sababu halikuungua.

Mbegu za msaada nilipata, nisiseme uongo. Lakini msimu A, ule wa kwanza, tunapanda mwezi wa tisa, zenyewe zikafika mahindi ya wenzangu yameshafika magotini. Wengi walizipika. Wakalaumiwa eti wamekula mbegu! Mtu apande nini wakati mvua imeshampita? Sisi wanawake tulisimama kwa likirimba yetu, kikundi cha kuchangiana pesa: kila juma mmoja anapokea, na safari ile tulikubaliana wenye mashamba watangulie kupokea.

Niliyeshika daftari
Nilikuwa miongoni mwa walioandikisha, si Buhene lakini. Anachosema Papa ni kweli, fomu ilitengenezwa kwa ajili ya nyumba. Na orodha ilipita kwa mashefu (viongozi) wa mitaa, hivyo waliokuwa Rutshuru, Minova au Gisenyi siku hiyo majina yao hayakuingia, hata kama walipoteza kila kitu. Niliona waliofanikiwa kidogo: walikuja na karatasi ya agronomu (bwana shamba) inayotaja ukubwa wa shamba na zao lililokuwemo, majirani wawili wameweka sahihi. Mpangaji naye achukue karatasi kwa mwenye shamba wakati bado wanaelewana. Piga picha shamba likiwa zima. Siyo baada ya moto.

Mfugaji wa Engare Sero
Nasoma kutoka Tanzania, chini ya mlima wa volkano Ol Doinyo Lengai. Ilipolipuka 2007 majivu yalilala juu ya nyasi, ng'ombe wananusa wanageuka. Boma langu halikuguswa, malisho ndiyo yalikufa. Tuligawiwa chakula cha watu, na mifugo tukaihamisha wenyewe kwa ndugu. Laiti mtu angeleta majani makavu na maji wiki ile ya kwanza, wangepona wengi.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Papa wa Buhene, mpaka leo hujapata mahali pa kulima?

Mkulima wa Buhene
Sijapata. Mwaka 2022 vita ilipofika Kibumba, Kanyaruchinya, hapa karibu na Goma, ikajaa wahamaji wapya, mambo ya volkano yakawekwa kando. Siwalaumu wale watu, walikuja wakiwa na watoto mgongoni na hawana kitu. Mimi sasa navunja hayohayo mawe ya lava, nauza kwa wajenzi, yanapakiwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Mama wa Kibati, likirimba yenu inapokea wanaume?

Mama wa Kibati
Inapokea, Papa. Mje na mama watoto, yeye ndiye tutamwandika. Ndugu yangu ana kipande hakilimwi, mkielewana naye juu ya kodi mnaweza kuanza msimu A. Safari hii tuandikiane karatasi.