Mibuyu ya Ruaha Mbuyuni: jua la machweo linatoka doa jeupe, mti kijivu

Kibuyu_Kikavu
Wakuu, habari za jioni. Nataka picha ya jua likizama nyuma ya mibuyu pale Ruaha Mbuyuni, barabara ya Morogoro–Iringa. Jua liwe duara kubwa jekundu, matawi meusi ti. Ninachopata ni doa jeupe, mti wa kijivu na vidoa vya kijani vinavyoelea katikati ya picha. Kamera ni ya sensa ya APS-C (saizi ya kati, kimo kama milimita 16), lenzi za milimita 18-55 na 70-300, kila kitu otomatiki. Halafu jua linapotea karibu nusu saa kabla ya muda unaoonyeshwa na simu. Nakosea wapi?

Fundi_Lenzi
Otomatiki ndiyo inayokuponza. Kamera inaona mti mweusi umejaa kwenye fremu, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga. Mti unapauka na jua linaungua, yaani linabaki weupe mtupu.

Weka M (unarekebisha mwenyewe), ISO 100 (wepesi wa sensa kwa mwanga), f/8 (tundu la lenzi; namba ikipanda tundu linapungua). Geuza kamera pembeni kidogo: anga jirani na jua iwemo, jua lenyewe lisiwemo. Rekebisha kasi ya shata (muda ambao sensa inapokea mwanga) hadi kipimo cha mwanga kisome kati ya 0 na -1, kisha rudi kwenye mti upige. Washa lile onyo linalopepesa kwenye skrini penye weupe uliozidi. Likipepesa kwenye jua peke yake, poa. Likisambaa angani, ongeza kasi. Mizani ya rangi iweke kwenye alama ya jua, maana otomatiki inaufuta wekundu unaoutafuta. Piga RAW, faili ghafi unaloweza kulirekebisha baadaye.

Mzee_wa_Tripodi
Mwanga umeshaelezwa, ukubwa ni hesabu nyingine. Jua lina upana wa nusu digrii tu. Kwa 55mm linachukua nusu milimita ya sensa. Kwa 300mm ni kama milimita 2.8, karibu moja ya sita ya kimo cha fremu. Kwa hiyo funga 70-300, urudi nyuma. Kila mita 100 kutoka kwenye mti, jua linafunika takriban mita 0.9 ya mti. Ukiwa mita 50 linaonekana kama sinia lililokwama tawini. Ukiwa mita 500 linafunika mita 4.6, linajaa pengo zima kati ya matawi mawili makubwa. Panga fremu mapema, kwa sababu linashuka upana wake wote ndani ya dakika 2 na ushee.

Jani_Pukutu
Nadhani shida kubwa ni hiyo nusu saa, na hakuna aliyeigusa. Simu inahesabu machweo ya upeo tambarare. Pale kuna milima. Nyoosha mkono: upana wa kidole kidogo ni kama digrii 1, sawa na dakika 4 hivi za jua. Mlima wa vidole saba unakuibia dakika 28. Na jua lililo digrii 7 juu bado ni jeupe, halijafika kwenye vumbi na moshi wa chini unaolifanya jekundu. Hata mipangilio ya Fundi haitakupa duara hapo.

Tafuta mahali ambapo safu ya milima ya magharibi iko chini, au penye pengo kati ya vilima. Jua linazama kwenye digrii 294 za dira mwezi Juni, linahamia hadi 246 Desemba, kwa hiyo kila pengo lina wiki zake. Kiangazi ndiyo msimu wenyewe: mbuyu hauna majani, na hewa ina vumbi.

Ukikosa pengo, piga miale, jua litoke kama nyota. 18mm, f/16, theluthi mbili za jua zijifiche nyuma ya shina. Lenzi yenye bapa 7 (vile vibati vinavyofunga tundu la lenzi) inatoa miale 14, ya bapa 8 inatoa 8. Usiende f/22, picha inapoteza ukali. Vidoa vya kijani ni mwanga unaodunda kati ya vioo vya lenzi. Vua filta ya UV, futa alama za vidole.

Kibuyu_Kikavu
Dah, kumbe mlima! Filta ipo kweli, sijawahi kuivua.

Mzee_wa_Tripodi
Ivue. Na kwa 300mm tumia skrini ya nyuma, usichungulie jua kwenye kitundu cha DSLR (kamera ya kioo cha ndani, unaona moja kwa moja kupitia lenzi), jicho haliponi. Tripodi iwe mbali na lami, maroli ya pale hayapunguzi mwendo.