Mzee ana saratani ya tezi dume: tuuze ng'ombe tupime CD31?

Mtoto wa Rungwe: Wakuu, salaam. Baba yetu, miaka 71, mkulima wa parachichi huku Tukuyu, amekutwa na saratani ya tezi dume. PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) 46, majibu ya kinyama Gleason (alama za ukali wa saratani) 4+4, yaani 8. Daktari Mbeya mjini kasema aanze tiba ya homoni (kushusha homoni za kiume), halafu tumpeleke Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, akapigwe skani ya mifupa. Shemeji yetu, msomaji wa mitandao, anakataa: kinyama kwanza kitumwe nje kipimwe alama za seli za mishipa ya damu, CD31 na CD34, eti ndizo zinasema kama itasambaa. Gharama yake ni ng'ombe wawili. Mama kashakubali wauzwe. Mnashaurije?

Mpunga wa Kyela: Pole sana mkuu. Ng'ombe wenyewe wa shemeji? Wataalamu waje.

Darubini: Niko maabara ya patholojia. Shemeji hajatunga. CD31 na CD34 ni protini za seli zilizotanda ndani ya mishipa ya damu. Ukizitia rangi, vimishipa vinaonekana kwenye darubini, unavihesabu. Uvimbe haukui bila kujivutia mishipa mipya. Judah Folkman alilisema hilo 1971, na mwaka 1993 yeye na wenzake waliona saratani za tezi dume zilizosambaa zina vimishipa vingi zaidi.

Ila mishipa mizima nayo ina alama hizohizo, na hesabu hubadilika kulingana na sehemu uliyochagua kutazama. Bevacizumab, dawa ya kuzuia mishipa mipya, ilijaribiwa pamoja na docetaxel, dawa ya kemo, kwa wanaume zaidi ya 1,000 wenye saratani ya tezi dume ambao tiba ya homoni ilishagoma. Majibu yalitoka 2012: haikuwaongezea maisha. Gleason 8 imeshawaambia kuwa ni kali.

Mtoto wa Rungwe: Kwa hiyo hata vimishipa vikiwa vichache, tiba ni ileile?

Darubini: Homoni palepale. Hiyo hela ni nauli ya Dar na skani.

Dada wa Kihesa: Muulizeni daktari pia habari ya kutoa korodani badala ya sindano za kila mara. Wazee wengi hawapendi kusikia, lakini inashusha homoni vilevile na mnalipa mara moja. Na wewe kaka, pamoja na wadogo zako wa kiume, ongeeni na daktari kuhusu kupima PSA. Mzee analalamika mgongo?

Mtoto wa Rungwe: Tangu msimu wa kupanda. Tulidhani ni jembe.

Dada wa Kihesa: Mpigie daktari leo, usingoje safari; huenda saratani imefika uti wa mgongo. Miguu ikiishiwa nguvu au kufa ganzi, au mkojo ukigoma, mkimbizeni hospitali hata usiku.