Oracle au PostgreSQL: msimamizi wa kanzidata aanzie wapi?

Mgeni_wa_Seva (Dodoma)
Habari za kazi, wanajukwaa. Nimeajiriwa katika kitengo cha TEHAMA cha hospitali, ambako kutwa nzima ni kuunganisha printa na kubadilisha nywila za watumiaji, nami natamani kuhamia kwenye usimamizi wa kanzidata. Akiba yangu inatosha ama kulipia mtihani wa cheti cha Oracle (mfumo wa kanzidata wa kulipia), ama kununua laptopu yenye nguvu na kujifunza PostgreSQL (mfumo wa kanzidata wa bure) mwenyewe. Ipi itangulie?

Mlinzi_Data (Nairobi)
Ndugu, kama macho yako yako kwenye benki na kampuni za simu, anza na Oracle. Huko ndiko iliko mifumo ambayo haitakiwi kuzimika, na afisa rasilimali watu asiyejua tofauti ya seva na swichi hutazama cheti kwanza. Toleo la bure linakutosha kujifunzia, ingawa data ya mtumiaji haizidi GB 12 na kumbukumbu (RAM) inayotumika haizidi GB 2.

Bi_Jedwali (Unguja)
Kwa heshima zote, kaka Mlinzi, mwenzetu yuko hospitalini, si benki. DHIS2, programu ambayo Tanzania na Kenya zinaitumia kwa takwimu za afya, inategemea PostgreSQL, kwa hiyo ujuzi huo una soko hapo hapo alipo.

Zaidi ya hayo, laptopu itamwezesha kufanya zoezi ambalo mtihani wa kuchagua majibu hauwezi kumpa. Washa uhifadhi wa WAL (faili zinazorekodi kila badiliko la data), chukua nakala kamili kwa pg_basebackup, endelea kuingiza data, kisha futa jedwali moja kwa makusudi huku ukiandika saa na dakika. Rejesha ile nakala mahali pengine, weka restore_command (amri ya kuzileta faili za WAL), taja katika recovery_target_time dakika iliyotangulia ufutaji, unda faili tupu liitwalo recovery.signal, halafu washa seva. Usishtuke ukiona unaweza kusoma lakini huwezi kuandika, kwa sababu seva imesimama kwa makusudi ili ukague kwanza. Ukiridhika, iruhusu kwa pg_wal_replay_resume(). Rudia mpaka usihitaji kufungua maelekezo.

Mzee_wa_Logi (Mwanza)
Naunga mkono zoezi la Bi Jedwali. Mnamo Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa programu, alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ya akiba, na ndipo ilipobainika kwamba nakala za pg_dump (programu ya kunakili kanzidata) zilikuwa zikishindwa kimya kimya, kwa kuwa programu hiyo ilikuwa ya toleo 9.2 ilhali kanzidata ilikuwa 9.6. Waliokolewa na nakala iliyokuwa na umri wa saa sita hivi, na yote yaliyoingia baada yake yakapotea. Hapo leseni ghali isingesaidia kitu, kwani hakuna aliyekuwa na jukumu la kujaribu kurejesha.

Mifumo hii miwili inatofautiana hasa katika utunzaji wa matoleo ya zamani ya safu (mistari ya jedwali). Oracle huyaweka kando, kwenye eneo la undo, wakati PostgreSQL huyaacha ndani ya jedwali lenyewe hadi VACUUM, kazi yake ya usafishaji, ipite. VACUUM haiondoi matoleo ambayo muamala (kazi moja ya kanzidata) ulio wazi bado unaweza kuyahitaji; ndiyo maana muamala mmoja uliosahaulika wazi tangu asubuhi unaweza kulifanya jedwali livimbe bila data mpya ya maana. Anayeuelewa mfumo mmoja mpaka hapo hupata wepesi wa kuhamia wa pili.

Mlinzi_Data (Nairobi)
Hapo nakubali. Cheti humfikisha mtu kwenye usaili, ila swali letu la kwanza huwa ni namna alivyorejesha data mara ya mwisho. Basi anunue laptopu sasa, na mtihani aulipie kutoka mshahara.

Mgeni_wa_Seva
Nashukuru sana. Je, naweza kufanyia mazoezi nakala ya data ya wagonjwa wetu?

Bi_Jedwali
Hapana, mdogo wangu, hata kwa usiku mmoja. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Tumia pgbench, programu ya majaribio inayokuja na PostgreSQL na kutengeneza data ya kubuni: ukiianzisha kwa -i -s 50 utapata jedwali la akaunti lenye safu 5,000,000, na hakuna mgonjwa atakayedhurika ukilifuta.