Naomba ushauri: wajawazito wanachelewa kuanza kliniki

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kijijini huku Morogoro. Wajawazito wengi wanaanza kliniki mimba ina miezi mitano au sita, wakati inatakiwa kabla ya wiki ya 12. Hata SP za kuzuia malaria na vidonge vya kuongeza damu wanavipata kwa kuchelewa. Nyumba kwa nyumba nimepita, kwenye mkutano wa kijiji nimesema. Wanaogopa mimba changa ikijulikana watu wabaya wataiharibu. Jana mmoja alivuta kanga akajifunika tumbo nilipobisha hodi. Wengine waume zao hawataki kwenda nao kliniki kupima VVU. Inaniuma sana.

Nyie mnawapataje mapema bila siri yao kuvuja? Na ambaye mume kagoma, nimwambie aende peke yake?