Ubia kwa mkataba tu au kuunda kampuni: tukifika mahakamani, ipi inanilinda?

Mwanzomgumu: Wakuu, naomba ushauri. Mimi na mwenzangu tunaingia ubia wa miaka 7. Yeye mtaji, mimi ujuzi na wateja. Wakili wake ameleta mkataba wa kurasa nne, kila mtu abaki na biashara yake. Mimi naona heri tuunde kampuni, hisa nusu kwa nusu. Tukigombana, jaji ataisoma vipi kila njia?

KalamuNyekundu: Anza na neno lenyewe, mkuu. Kwa Kiswahili "ubia" tunamaanisha mambo mawili: watu kushirikiana katika mradi mmoja, na ule ubia wa kisheria ambao kila mbia anabeba madeni ya mwenzake. Jaji hafuati jina mlilolibandika juu ya karatasi. Sheria ya wabia ya Uingereza ya 1890, iliyoigwa na nchi nyingi, inauliza tu kama mnafanya biashara kwa pamoja kwa lengo la faida. Mkigawana faida na kuamua pamoja, kifungu cha "sisi si wabia" pekee hakitawaokoa. Kura yangu ni kampuni.

ShangaziRufaa: Kampuni inasaidia kwenye madeni, hilo sipingi. Ila usidhani ugomvi wenu utaishia kwenye katiba ya kampuni. Kuna kesi ya Ebrahimi, Uingereza, miaka ya 1970. Wawili walikuwa wabia sawa kwa sawa katika biashara ya mazulia, wakaigeuza kampuni, mtoto wa mmoja akaingizwa. Baadaye baba na mwana wakapiga kura wakamtoa Ebrahimi kwenye ukurugenzi. Kwa karatasi walikuwa na haki kabisa. Lakini faida ilikuwa inalipwa kama malipo ya wakurugenzi, gawio, yaani faida inayogawiwa wenye hisa, halikuwahi kutolewa, kwa hiyo alibaki na hisa zisizomlipa hata senti. Majaji wakatazama uhusiano uliokuwa nyuma ya kampuni, wakaamuru ivunjwe.

Na hiyo nusu kwa nusu inanitia hofu. Mkikwama, hakuna wa kuamua.

Herufi_kwa_Herufi: Mnaompa moyo kwamba jaji atatazama haki, mwambieni na upande wa pili. Arnold dhidi ya Britton, Mahakama ya Juu ya Uingereza, 2015. Wapangaji walisaini ada ya huduma ya pauni 90 kwa mwaka, ikipanda asilimia 10 kila mwaka. Kwa hesabu hiyo, kufikia 2072 mtu angelipa zaidi ya pauni 550,000 kwa mwaka kwa kibanda cha mapumziko! Majaji waliona wazi kuwa ni balaa, na bado wakasema maneno ndiyo hayo. Ni mkataba wa pango, lakini kanuni ya kusoma ni ileile kwenye ubia: jaji haandiki upya mkataba kwa sababu umekuumiza. Na usitegemee barua pepe za wakati wa mazungumzo. Kwa sheria ya Uingereza hazipokelewi kueleza maana ya kifungu.

BintiMizani: Herufi, uko sawa kwa maneno yaliyo wazi. Tatizo la mikataba ya ubia ni yale yasiyoandikwa, na hapo nchi zinatofautiana. Marekani, kesi ya Meinhard dhidi ya Salmon, 1928: wawili wana mradi wa pango la hoteli la miaka 20. Pango likikaribia kwisha, Salmon akapewa mradi mkubwa zaidi wa eneo lilelile, akasaini kimyakimya. Mahakama ikasema alipaswa kumwambia mwenzake, na Meinhard akapewa sehemu. Uingereza wanasita. Kwenye Al Nehayan dhidi ya Kent, 2018, jaji alikataa kuwapa wabia ule wajibu mzito wa uaminifu, ila akasema katika uhusiano wa muda mrefu kama ule nia njema imo hata isipoandikwa. Kwa hiyo kifungu cha kwanza nitakachouliza: mkataba wenu unafuata sheria ya nchi gani?

Halafu "tutakubaliana baadaye" ifute. Tangu kesi ya Walford dhidi ya Miles, 1992, ahadi tupu ya kuendelea kujadiliana haina nguvu Uingereza.

Fundi_wa_Zamani: Mimi yamenikuta. Mkataba wetu ulisema "maamuzi makubwa yataafikiwa na pande zote". Mwenzangu akauza mashine moja kati ya mbili. Yeye: si kubwa, imebaki nyingine. Mimi: ni nusu ya kazi yetu. Mawakili walibishana neno "makubwa" miezi minane, tukamalizana nje ya mahakama na kila mtu kapungukiwa. Kiasi kingeandikwa, ugomvi usingefika hata wiki.

Mwanzomgumu: Nimerudi kwenye rasimu. "Makubwa" imo mara tatu, "tutakubaliana" mara mbili, na sheria ya nchi haikutajwa popote. Shangazi, nikienda na kampuni, hisa 50 kwa 50, mkwamo naufunguaje?

ShangaziRufaa: Andikeni kwamba bodi ikikwama siku 30, suala linakwenda kwa msuluhishi, likishindikana, mmoja anataja bei, na mwenzake anachagua kuuza au kununua kwa bei hiyo. Ila wewe huna mtaji, yeye anao. Kwa hiyo dai muda wa kutosha wa kutafuta fedha kabla ya kujibu, la sivyo atakununua kwa bei ya kutupa.